Jina la Kumi na Tatu Ukutani

Jumanne, 24 Machi

Leo mjomba Tarsis kanibebesha mzigo. Klabu yetu ya raga inatimiza miaka arobaini mwishoni mwa Mei, na kamati imeamua historia yake iandikwe na isomwe siku ya sherehe. Aandike nani? Josepha. Kwa nini Josepha? Kwa sababu ni katibu, ana mwandiko unaosomeka, na, kama mjomba alivyosema mbele ya wateja bila haya, "umbea wake nao upate kazi ya maana."

Sikukataa. Mjomba ndiye mwenyekiti wa klabu, ndiye mwenye duka la vipuri ninalofanyia kazi hapa Gerezani, na ndiye aliyenipokea niliposhuka kutoka Rombo na begi moja. Nitamkatalia kwa mdomo upi? Halafu jambo lenyewe linaniwasha. Dar nzima inapigia kelele soka, sisi huku tumeng'ang'ania mpira wenye umbo la yai, ambao unakimbia nao mbele lakini ukitaka kumpa mwenzako lazima umrushie nyuma. Nani alikubali mara ya kwanza kuukumbatia mdude ule na kuangushwa nao kwenye changarawe?

Ninachojua mpaka sasa ni hiki. Fundi mmoja wa Kizungu alikuja kufunga mashine kwenye karakana za huku, akawafundisha vijana wa karakana raga ya kwao, ya watu kumi na watatu, siyo ile ya kumi na watano. Mwenyewe akarudi kwao, vijana wakabaki na mpira. Klabu wakaiita Kumi na Tatu. Majina ya waanzilishi yamepakwa rangi ukutani kwenye chumba cha klabu, nyuma ya duka letu. Nayaona kila siku ninapokwenda kuchukua ufagio. Leo ndiyo nimeyahesabu, na jamani, ni kumi na mawili. Nikarudia kwa kidole. Kumi na mawili. Mteja aliyekuwa anangoja beringi akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 27 Machi

Masika imepiga hodi. Maji mpaka mlangoni.

Da Swaumu, mama lishe wa pembeni ya duka, leo kapika wali, ugali, ndizi, maharage na samaki wa nazi. Pilau hakuna. Ijumaa zote ni hivyohivyo na wateja wanamlalamikia, mama lishe gani wa Kizaramo asiyepika pilau siku ya Ijumaa? Anawajibu, "Nendeni Kariakoo, mimi sijui kulipika." Uongo mtupu. Mwanamke anayepika samaki wale ashindwe pilau? Hapo pana jambo, na mimi mambo ya namna hiyo hunikosesha hamu ya chakula.

Jumapili, 29 Machi

Baada ya misa ya Matawi nilikwenda Jangwani kuangalia mazoezi. Uwanja umeanza kulowa. Lucky, nahodha wetu, alikuwa na mikono ya siagi leo. Mpira wa kwanza ukamponyoka, timu nzima ikapiga kelele: "Mbaruuuku!" Wa pili ukamponyoka, "Mbaruuuku!" Ndiyo desturi yetu. Anayeangusha mpira anaitwa Mbaruku, na mazoezi yakiisha anawanunulia wenzake pilau, tunaliita pilau la Mbaruku. Nami nimepiga kelele hiyo tangu nilipojiunga, na wala sijawahi kuuliza Mbaruku ni nani. Umbea wangu ulikuwa umelala wapi?

Pembeni ya uwanja alikuwa amekaa mzee Nurdin. Huyu ndiye mwanzilishi pekee aliyebaki hai. Ni Mnyamwezi, anakaa Magomeni kwa binti yake, na macho yalishapotea kwa presha ya macho. Lakini mazoezi hakosi. Analetwa na bajaji, anawekewa kiti, anasikiliza. Kila vijana walipomwita Mbaruku, alicheka mpaka akakohoa, akapiga fimbo chini.

"Shikamoo babu. Mbaruku ni nani?"

"Marahaba. Mbaruku? Mtumwa wangu!" Akacheka tena mpaka machozi. Nilitaka kuendelea lakini mvua ikaanza, bajaji ikaja kumchukua.

Jioni nikamuuliza mjomba. Uso ukambadilika hapohapo. Akafungua mdomo akanionyesha pengo, meno mawili ya mbele hayapo, mimi siku zote nilidhani ni ajali ya pikipiki. Akaniambia Mbaruku alikuwa mwanzilishi wa kumi na tatu, Mzaramo, mkimbiaji kuliko wote. Mwaka themanini na tisa wakafika fainali na timu ya bandarini. Siku ya mechi Mbaruku hakutokea. Mjomba alikuwa kijana mwanafunzi wa ufundi, mwembamba kama antena, akaingizwa badala yake, akavunjwa meno, wakafungwa vibaya.

"Baadaye ikajulikana," akasema. "Aliuza mechi kwa sahani ya pilau. Jina lake haliwezi kukaa ukutani kwangu."

Sahani ya pilau? Hata kwa njaa ya miaka ile?

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Sikuuza hata boliti.

Jumanne, 7 Aprili

Pasaka imepita. Nimekula kitimoto mpaka najuta. Historia ya klabu imefika nusu ukurasa, na nusu ya hiyo nusu ni kichwa cha habari.

Ijumaa, 10 Aprili

Leo mdomo wangu umeniponza.

Mchana mvua ilimwagika kiasi kwamba hakuna mteja aliyethubutu kutoka. Nikakaa na da Swaumu chini ya turubai lake, tukisukuma maji kwa ufagio. Nikaanza kumsimulia kazi yangu ya historia. Mimi na mdomo wangu! Nikamsimulia na Mbaruku, tena kwa madoido, na sahani ya pilau nikaichorea kwa mikono, nikicheka mwenyewe.

Aliweka upawa chini. "Mbaruku ni baba yangu."

Nilitamani maji yale yanisombe mpaka baharini. Nikaomba msamaha sijui mara ngapi. Akaniambia nikae.

"Alikufa nina miaka tisa," akasema. "Sisi wanawake tulibaki nyumbani, si unajua makaburini hatwendi. Wanaume waliporudi kutoka kuzika nikasikia vijana wa karakana wananong'onezana uani kwamba marehemu aliuza mechi kwa sahani ya pilau, imesemwa kaburini kwake. Kaburini, Josepha! Nikamuuliza mama, mama akalia. Sikuuliza tena. Nikajua ni kweli."

"Ndiyo maana hupiki pilau?"

"Nikisikia tu harufu ya binzari nyembamba inaungua, nasikia wanacheka."

Nikamuuliza, kwa nini basi kati ya sehemu zote za mji huu ameweka meza yake hapa, mlangoni pa klabu ileile? Akasema hapa ndipo mahali pekee ambapo mtu bado anamtaja baba yake. "Hata wakimtaja kwa ubaya. Nyumbani hakuna hata picha yake. Hapa angalau naisikia ile 'Mbaruku' wakitoka mazoezini, najua alikuwepo."

Kisha akanishika mkono, mkono wake wa moto wa mama lishe. "Wewe ndiye unayeandika, mdogo wangu. Nitafutie. Kama aliuza kweli, niambie ameuza, nikubali yaishe. Lakini nijue."

Nimemwahidi. Sijui nimeahidi nini.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemshika mjomba tukiwa tunapanga fani belti. "Mjomba, hiyo habari ya kuuza mechi ulimsikia nani?"

"Nilisikia kwa masikio yangu. Siku ya maziko yake."

"Uliona nani anasema?"

Akaweka belti chini, akaanza kueleza. Mjomba ni Mkatoliki, na siku ile ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda makaburi ya Waislamu. Hakujua asimame wapi, akabaki nje ya ukuta na wenzake wawili wa bara. Hawakuona kitu. Walisikia tu sauti ya mtu, kali, ikitoka kwenye kaburi: huyu hapa aliuza fainali kwa sahani ya pilau! Halafu wakasikia watu wanacheka.

"Wanacheka?"

"Wanacheka, Josepha. Mtu anazikwa na wanamcheka. Kwetu Rombo umewahi kuona marehemu anachekwa? Nikajua huyu kweli alikuwa mtu wa hovyo."

"Na yeye mwenyewe alipokuwa hai hukumuuliza?"

"Nilimkuta mara moja karakanani, meno yangu yamebaki pengo. Nikamuuliza ulikuwa wapi. Akanijibu, 'Nilikuwa napika pilau.' Akacheka! Nikatamani nimpige spana. Mwezi uleule akahamishiwa Morogoro kikazi, akarudi huku mgonjwa wa kufa."

Napika. Alisema napika, hakusema nakula. Usiku huu neno hilo halinitoki kichwani, naona mjomba halijamgusa kabisa.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Da Swaumu ananiangalia, haniulizi. Bora angeuliza.

Jumapili, 19 Aprili

Mazoezi yamesimamishwa kwa sababu ya maji uwanjani, kwa hiyo nimemfuata mzee Nurdin kwake Magomeni. Binti yake Zena alinikaribisha ukumbini, babu yupo mkekani anasikiliza redio. Nikamwamkia, nikamwambia nataka anisimulie Mbaruku, na asiniambie tena mtumwa wake.

"Lakini ni mtumwa wangu!" akasema. "Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Wewe Mchaga huna mtani?"

"Ninao Wapare, babu. Tunataniana kuhusu ubahili."

"Huo utani wa kwenye mabasi. Utani wenyewe ni msibani." Akazima redio. Nitaandika maneno yake kama nilivyoyashika.

Mwaka themanini na tisa mama yake mzee Nurdin aliletwa kutoka Tabora kutibiwa. Walikaa wote chumba kimoja. Alfajiri ya siku ya fainali, mama akafariki. "Sikuwa na ndugu Dar hii, mjukuu wangu. Mtu akifiwa, ndugu wanalia, mtani ndiye anayefanya kazi. Mimi mtani wangu ni nani? Mbaruku. Alikuja ameshavaa jezi ndani ya shati. Akaniona nilivyo. Akavua ile jezi, akaitundika msumarini. Akaenda kuchimba kaburi. Akarudi akakoka moto, akapika pilau la watu wote waliokuja kuzika, yeye peke yake, moshi unamtoa kamasi. Na huku ananitukana! 'We Mnyamwezi, umeona? Mama kakuchoka, kaona afe apumzike. Lete hela ya mchele, mtumwa wangu.' Basi nikacheka. Mama yangu amelala ndani, na mimi nacheka. Ningemkosa yule mtu siku ile, ningepasuka."

Akapapasa fimbo yake, akaiweka mapajani.

"Kufa kwake yeye, ikawa zamu yangu. Niliingia kaburini nikalala chali, nikasema halizikwi jitu hili mpaka nilipwe. Nikawapigia kelele: huyu hapa aliuza fainali kwa sahani ya pilau! Watu wakaangua kicheko. Waliojua walijua. Alilikosa kombe kwa ajili ya pilau la mama yangu. Nilikuwa namshukuru, mwanangu. Sisi hatusemi asante msibani. Tunatukana."

Mimi hapo machozi yananidondokea kwenye daftari.

"Mke wake alijua?"

"Alikuwa Mndengereko mgeni mjini, kijana, na mume kamfia mikononi. Ningemweleza, lakini wiki ileile nikarudi Tabora, nikakaa huko mpaka macho yaliponiharibikia. Sasa niliporudi na kusikia vijana wanaita Mbaruku uwanjani, nikafurahi! Nikasema, hawa watoto wamekuwa watani zake wote. Jina la mtumwa wangu halikufa."

Ilibidi nimwambie. Babu, hawatanii. Wanaamini. Jina lake halipo hata ukutani.

Mzee yule aligeuza uso kama anautafuta ukuta wenyewe. "Halipo?"

"Halipo."

"Langu?"

"Lipo, la tatu kutoka juu."

"Lakini na mimi sikucheza siku ile," akasema. "Tulikuwa msiba mmoja. Mbona mimi nipo?"

Jumatatu, 20 Aprili

Asubuhi nimemweleza da Swaumu kila kitu. Alisikiliza huku anachambua mchele, na mchele ule aliuchambua mara mbili. Akasema tu, "Nataka nimsikie mwenyewe."

Mchana nimemweleza mjomba. Nilitegemea atapiga magoti? Alikasirika. Akasema mzee Nurdin alifiwa siku ile, hilo linajulikana, lakini Mbaruku hakufiwa na mtu; babu ana huruma ya kizee, anamsafisha rafiki yake. Akasema mimi nimepewa kazi ya kuandika historia, sikupewa kazi ya kuibadilisha. "Na haya meno nayo ni utani?" Nikamwambia meno ni ya kweli ila sababu siyo ile. Tukapandishiana sauti mpaka fundi wa jirani akaja kuchungulia.

Mwisho akasema: Jumamosi kamati inakaa, mzee Nurdin aje aseme mbele ya watu wazima, aulizwe maswali. Akisema, jina litapakwa. Asipokuja, mjadala umefungwa. Nimekubali. Mjomba ni mgumu lakini akisema kitu hakigeuzi, hilo naliamini.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua usiku kucha. Mto Msimbazi umefurika, Jangwani imefungwa, mabasi ya mwendokasi hayavuki, bajaji haivuki, mtu wa Magomeni na mtu wa Gerezani leo ni nchi mbili. Da Swaumu alivaa dera lake jipya, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha klabu kuanzia saa nne. Kamati ikasubiri. Zena akapiga simu kwamba babu yupo barazani na kanzu na kofia tangu alfajiri, anang'ang'ania aletwe, wamemzuia.

Niliomba aongee kwa simu. Mjomba akasema hapana, simu mtu yeyote anaweza kukaa pembeni akamlisha maneno. Nimekasirika naye kuliko siku zote nilizoishi naye. Ameahirisha mpaka Jumamosi ya tarehe tisa Mei. Angalau hakufunga mjadala.

Jumanne, 28 Aprili

Sijaongea na mjomba zaidi ya bei za vipuri.

Jumamosi, 2 Mei

Mzee Nurdin anaumwa kifua. Alikaa barazani na upepo ule siku ya mafuriko, ndiyo matokeo yake. Maji yamepungua, kwa hiyo da Swaumu kamfuata Magomeni peke yake. Kanikataza nisimsindikize, na umbea wangu umeniuma kama jino. Alirudi alasiri macho yamevimba na anatabasamu.

"Kakuambiaje?"

"Kanitukana sana," akasema. "Kasema nina miguu ya baba yangu, miguu ya kuku. Kasema nimpelekee maji ya kunywa mimi mtumwa." Akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, kirefu, na akaendelea kuosha vyombo.

Jumanne, 5 Mei

Mzee Nurdin amefariki leo adhuhuri. Inna lillahi, kama wanavyosema wenyewe.

Najionea aibu, maana nililia kwa ajili yake na hapohapo nikawaza: shahidi wetu amekwenda. Mjomba alipopata habari alivua kofia. Da Swaumu alifunga meza yake mapema, akakunja khanga mbili, akaenda Magomeni.

Jumatano, 6 Mei

Nataka niandike hii kabla sijasahau hata kidogo.

Tulifika msibani saa nne, mimi na mjomba na Lucky na timu karibu yote. Wanaume walikaa chini ya turubai nje, mimi nikajitanda khanga nikaingia kwa wanawake. Nikamtafuta da Swaumu kati ya waombolezaji nikamkosa. Nikamkuta jikoni uani, moshi unamtoa kamasi, amesimama kwenye sufuria kubwa. Sikuamini pua yangu. Pilau.

Nikataka kusema neno. Akanizuia kwa upawa. "Kaa pembeni, Mchaga. Leo nina kazi."

Wakati wa kutoa jeneza ulipofika, wanaume wakaingia kubeba. Mlango ukazibwa. Da Swaumu alikuwa amelala kizingitini, chali, mikono kifuani. Amevaa kanzu ya marehemu juu ya dera, kofia yake, miwani yake myeusi, na fimbo ameilaza pembeni.

"Halitoki!" akapiga kelele. "Halitoki jitu hili bila kunilipa! Limekula pilau la baba yangu tangu themanini na tisa halijalipa! Kipofu wa uongo! Alikuwa haoni watu ila nyama kwenye sahani anaiona!"

Wanyamwezi waliokuja kutoka Tabora ndio walioanza kucheka. Zena, aliyekuwa amelia tangu jana mpaka sauti imekauka, alicheka akashika ukuta. Da Swaumu akainuka, akatembea kama mzee Nurdin hasa, ile ya kupapasa kwa fimbo, akawa anawagusa wanaume matumbo, "Huyu nani? Huyu anakula sana huyu." Kisha akarudi kulala.

"Nyie hamumjui huyu!" akasema. "Huyu ndiye aliyeuza mechi! Fainali siku ile hakutokea uwanjani! Aliuza mechi kwa sahani ya pilau!"

Nikageuka haraka kumtafuta mjomba. Alikuwa mlangoni, kwenye kundi la wabebaji, mstari wa mbele, anaona kila kitu. Kwanza uso ukamkunjamana kama mtu aliyesikia tusi kanisani. Akatazama huku na huku aone nani atamtoa mwanamke huyu. Hakuna aliyejisogeza. Watu wanacheka huku wanafuta machozi, wengine wanamtupia da Swaumu sarafu, na yeye anazikataa, "Ongezeni, Wanyamwezi bahili!" Na da Swaumu mwenyewe, chini ya ile miwani, mashavu yamelowa.

Niliona ilivyompata mjomba. Akasema kwa sauti ndogo, sijui alikuwa anamwambia nani, "Walicheka hivihivi." Halafu akacheka, pengo wazi mbele za watu, yeye ambaye hucheka amefunika mdomo. Akacheka na kulia pamoja, akatoa noti mfukoni, akapiga goti, akamwekea da Swaumu kwenye kofia.

"Nipishe, mwanangu," akamwambia. "Nipishe nimzike mzee wangu."

Da Swaumu akajivuta pembeni. Jeneza likatoka.

Safari hii mjomba hakubaki nje ya ukuta wa makaburi. Lucky kaniambia aliuliza asimame wapi, akaonyeshwa, akatia udongo kwa mkono wake. Waliporudi akala pilau sahani mbili. Njiani kurudi, tulipofika kituo cha Fire, akaniambia, "Josepha, mimi nilisikia, sikuona." Nikamwambia ndiyo mjomba. Akasema, "Andika hivyo. Andika na jina langu."

Ijumaa, 8 Mei

Jua. Da Swaumu kapika pilau, limekwisha kabla ya saa saba. Mimi mwenyewe nimekosa, yaani majirani hawana huruma.

Jumamosi, 9 Mei

Kamati imekaa. Mjomba hakungoja ajenda isomwe. Alikwenda na kopo la rangi na brashi, akalipaka yeye jina, chini kabisa kwa sababu huko ndiko kulikobaki nafasi. Mkono wake si wa mchoraji, herufi zimepinda. Da Swaumu aliitwa aje kuona. Alisimama mbele ya ukuta akisoma jina lile moja kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hilo R mbona limelala?" Mjomba akasema atalirekebisha. Akamwambia, "Liache hivyohivyo."

Pia kamati imepitisha azimio, kwa kauli ya mjomba mwenyewe: kuanzia sasa ni marufuku kumwita mtu Mbaruku uwanjani. Kwa heshima ya marehemu na familia yake. Wote wakanyoosha mikono. Na mimi nilinyoosha, lakini sikufurahi, na sikujua kwa nini.

Jumapili, 17 Mei

Mvua za mwisho mwisho. Historia ina kurasa saba. Mjomba kanisahihisha sehemu moja tu: alikuwa mwembamba, lakini si kama antena.

Jumamosi, 30 Mei

Miaka arobaini. Uwanja wa Jangwani umekauka, wameufyeka, wamechora mistari kwa chokaa. Nilisoma historia kwa spika inayokoroma. Nilipofika kwenye jezi iliyotundikwa msumarini nikaona Zena amemshika da Swaumu mkono.

Mechi ikaanza, tukicheza na vijana wa Temeke. Da Swaumu alikuwa pembeni ya mstari na masufuria yake mawili ya pilau. Dakika za mwanzo tu Lucky akapewa mpira, uwanja mweupe mbele yake, hakuna wa kumkaba, na ukamponyoka. Mikono ileile ya siagi.

Uwanja mzima ukavuta pumzi, nikaona midomo ya watu imeshafunguka, halafu wakakumbuka azimio. Kimya. Wachezaji wanaangalia chini. Lucky amesimama hajui afanye nini, mjomba anakuna shingo. Kilikuwa kimya kibaya, kama vile mtu ametajwa akakosekana.

Da Swaumu akasimama, mikono kiunoni, upawa umo mkononi.

"Mbona mmenyamaza?" akapiga kelele. "Lucky kaangusha mpira! Mwiteni! Mwiteni baba yangu!"

Mjomba Tarsis ndiye aliyekuwa wa kwanza, pengo wazi, shingo imesimama mishipa. Baada ya hapo sikusikia tena sauti ya mtu mmoja mmoja, na yangu ilikuwemo.